Kuwapigia makofi wauguzi Lamu: saa, mahali na cha kupeleka asubuhi yake

Swali: Asalaam aleikum. Sisi ni chama cha kina mama wa Langoni, Lamu. Huwa tunasaidiana mtaani kwenye misiba na maradhi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, tuliona kwenye simu watu wa Italia na Uingereza wakitoka madirishani kuwapigia makofi madaktari na manesi. Mtaani kwetu hatukufanya kitu, na jambo hilo limetukaa moyoni. Ukija ugonjwa mwengine wa kufungiana majumbani tunataka tuwe tayari. Lakini mwenzetu mmoja ana binti nesi, naye anasema makofi hayanunui glavu. Je, lina maana jambo hili, au ni kelele tu? Na kama lina maana, tulifanye vipi katika mji kama wetu?

Jibu: Wa aleikum salaam, kina mama. Lifanyeni. Binti yenu naye amesema kweli, kwa hiyo makofi yasiende peke yake. Makofi ni salamu. Salamu haijazi sufuria, lakini mtu anayetoka alfajiri kwenda kuwashika wagonjwa ambao hata jamaa zao wanaogopa kuwakaribia, kisha akirudi jioni anakuta watu kichochoroni wanamgeuzia uso, huyo anaihitaji salamu kama anavyoihitaji glavu. Kazi yenu ni kuhakikisha amevipata vyote viwili, na kwamba salamu yenyewe haimpelekei wagonjwa wapya wodini.

Mlichokiona kwenye simu kilianzia Wuhan, China, mwishoni mwa Januari 2020, watu waliofungiwa walipofungua madirisha usiku wakapaziana sauti za kutiana moyo kutoka ghorofa hadi ghorofa. Italia walipiga makofi adhuhuri ya tarehe 14 Machi. Hispania wakaanza usiku wa siku hiyohiyo, saa nne, kisha wakairudisha nyuma hadi saa mbili ili watoto washiriki kabla ya kulala. Uingereza jambo hili lilianzishwa na Annemarie Plas, mwanamke Mholanzi anayeishi London: mara ya kwanza Alhamisi tarehe 26 Machi, saa mbili usiku, kisha kila Alhamisi kwa wiki kumi.

India ndiko kwenye funzo kubwa zaidi kwa watu wa pwani. Tarehe 22 Machi 2020 Waziri Mkuu Narendra Modi aliwaomba wananchi wakae ndani kutwa nzima, na ikifika saa kumi na moja jioni wasimame milangoni na kwenye roshani wapige makofi na sahani kwa dakika tano. Wengi walifanya kama walivyoombwa. Lakini katika baadhi ya miji watu waliteremka barabarani na sahani zao, wakaandamana kwa makundi, na kazi ya kutwa nzima ya kukaa ndani ikapotea kwa dakika chache. Si kwamba walikuwa wajinga. Sauti ya furaha huvuta watu. Nanyi mnajua ngoma ikilia mtaa wa pili miguu inavyokwenda yenyewe. Basi mpango wowote wa Lamu uanzie hapo: tutapigaje sauti isiyoita watu?

Roshani za Madrid zinatazama barabara pana. Mji wa Kale wa Lamu haukujengwa hivyo. Kuna vichochoro ambavyo baraza mbili zinatazamana, na punda mwenye magunia ya mchanga akipita, walioketi pande zote mbili wanainua miguu. Hapo baina ya uso na uso hakuna hata mita mbili, kuta ni ndefu huku na huku, na hewa hutulia chini. Kwa ugonjwa unaoenea kwa pumzi, barazani na dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kusimama watu kumi wakapiga makofi na kucheka. Kwa hiyo pandeni juu: paani, au madirisha ya ghorofani, kila nyumba na watu wake, bila kualika wa nyumba nyingine. Upepo uko juu, na sauti nayo huenda mbali zaidi.

Paa nalo lina mambo yake. Lisilo na ukuta wa ukingo lisipandwe na watoto, maana saa tutakayoichagua itakuwa giza. Wao wabaki dirishani na mtu mzima. Jengine ni stara. Paa lako huenda linatazama ua wa ndani wa jirani, na jirani ana haki ya kukaa kwake bila kuchunguliwa. Kubalianeni kabla kwamba wote wataelekeza uso upande mmoja, wa baharini au wa hospitali, na kwamba hakuna tochi ya simu itakayomulika chini wala mtu atakayepiga picha. Mtaa ambao haukukubaliana kwa hili utagombana wiki ya kwanza tu, na ugomvi huo hautahusu ugonjwa.

Msijisumbue kupiga kwa mdundo mmoja. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kofi lililopigwa kilomita moja kutoka kwako utalisikia baada ya takriban sekunde tatu. Mkitaka mji mzima uende pamoja mtaishia kusubiriana na kuchanganyikana. Yaacheni yaanguke yenyewe kama mvua ya mwaka kwenye mabati. Kiganja kikikunjwa kidogo kama kata, kofi hutoka zito. Kikinyooshwa hutoka kali. Lile kali hupenya mbali zaidi, ila linachosha. Baada ya dakika moja viganja vinawasha, na baada ya mbili wengi wanapunguza wenyewe. Ndiyo maana napendekeza dakika mbili. Tano ni nyingi, na mwisho wake huwa mnyonge.

Sasa mdomo, ambao watu wengi hawaufikirii. Tarehe 10 Machi 2020, katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, kikundi cha kwaya kilifanya mazoezi. Walihudhuria watu 61. Walioonekana kupata Korona baadaye, akiwemo yule aliyekuja na ugonjwa, walikuwa 53, na wawili walifariki. Kuimba na kupaza sauti hutoa vitone na chembechembe nyingi za mate kuliko kuzungumza kawaida. Kigelegele ni sauti ya kupazwa, ulimi unacheza na mate yanaruka. Kigelegele cha kichochoroni, wanawake wanane wamekaribiana, ni hatari kamili. Mmoja juu ya paa lake, na hakuna wa kumkabili, hakina neno. Barakoa msiitegemee hapo, kwa sababu mtu hawezi kupiga kigelegele bila kuishusha.

Kwa bahati nzuri nyinyi mna kitu ambacho London hawakuwa nacho. Kumheshimu mtu kwa mlio si ugeni Lamu. Siwa, zile pembe kubwa za heshima zilizomo kwenye jumba la makumbusho pale mjini, zilipulizwa kwa kazi hiyohiyo. Lakini siwa hupulizwa, na zumari hupulizwa, kwa hiyo viacheni. Chukueni vinavyopigwa: upatu, matari, na zaidi ya yote pembe za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini. Pembe ya nyati na kijiti chake ina mlio mkavu unaovuka mapaa, haihitaji mdomo, na kila mama anaweza kuwa na yake. Sharti ni moja tu, kijiti kisipite mikono. Aliyekuja nacho ndiye anayerudi nacho.

Wapo watakaosema makofi si adabu yetu, na pengine watataja aya inayowasema waliokuwa wakipiga miluzi na makofi kwenye Al-Kaaba. Hukumu yake ni ya masheikh, waulizeni mapema. Upande wangu nasema hivi: hapa makofi hayafanywi ibada, na anayeona uzito aombe dua kwa sauti ya chini juu ya paa lake saa ileile. Muuguzi akiambiwa kwamba mtaa mzima umemwombea, atakuwa amesalimiwa vilevile. Kwa vipaza sauti vya msikiti nashauri visiguswe kabisa. Vina kazi yao, na watu wakizoea kusikia mengine humo siku ya tangazo la kweli la ugonjwa hawatasikiliza.

Saa ndiyo inayoharibu mipango mingi. Lamu Maghrib huingia, kutegemea mwezi, kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu na ushei. Isha mapema kabisa huingia saa moja na robo hivi. Kwa hiyo saa moja kamili usiku huangukia baina ya sala mbili mwaka mzima, na katika Ramadhani huwakuta watu wamekwisha futuru. Kafyu ya mwaka 2020, iliyoanza tarehe 27 Machi, ilikuwa ikiingia saa hiyohiyo ya moja, na ikija tena ya namna ile kila mtu atakuwa kwake. Kuna jambo la tatu pia: katika hospitali nyingi zamu hubadilishana kandokando ya saa hiyo, hivyo watasikia wanaotoka na wanaoingia. Siku iwe moja kwa wiki. Alhamisi ya Waingereza msiichukue, kwenu ni usiku wa Ijumaa na watu wana nyiradi zao. Jumanne inatosha.

Msiende langoni mwa hospitali, hata mkiwa wachache, hata mkipeana nafasi. Ndani kuna watu wanaotafuta pumzi. Na kuna sababu ambayo walio nje hawaioni. Muuguzi anapovua mavazi ya kujikinga ndipo anapoweza kujiambukiza kwa urahisi zaidi, kupita hata alipokuwa kitandani kwa mgonjwa. Glavu ya nje ina virusi. Anaibana kwa nje karibu na kifundo, anaivuta huku inajigeuza ndani nje, anaishika ile chafu kwa mkono uliobaki na glavu, kisha anaingiza kidole safi chini ya glavu ya pili bila kugusa nje yake, anaivua ikiifunika ya kwanza. Ananawa. Kisha joho, ananawa. Kisha miwani, kisha barakoa kwa kamba za nyuma, ananawa tena. Katikati ya hayo, amechoka na jasho linamtoka, mtu akimwita jina kwa shangwe dirishani akainua mkono kujipangusa uso, basi. Mpeni utulivu wa kuvua.

Kabla ya wiki ya kwanza waulizeni wenyewe. Mpitieni msimamizi wa wauguzi, kisha kwa faragha mpitieni anayefagia wodi, anayefua mashuka, nahodha wa boti ya wagonjwa na askari wa lango, kwa sababu hao huwa hawaulizwi. Waulizeni kama wanalitaka jambo hili. Kama wapo wanaolala mchana baada ya zamu ya usiku na wanalala mtaa gani. Na wiki hii kimewakwamisha nini. Wakisema hawataki makofi, msipige. Pelekeni hicho kilichowakwamisha, na mambo yaishie hapo.

Na yawe na mwisho uliotangazwa tangu mwanzo. Nashauri wiki nne. Uingereza, Annemarie Plas mwenyewe ndiye aliyeomba yasimame tarehe 28 Mei 2020, alipoona siasa imeyaingia. Yalipofufuliwa Januari 2021 alikaa kando baada ya kutukanwa mtandaoni. Jambo lisilo na mwisho hugeuka deni, na deni huzaa wadai. Wadai nawajua watakuwa nani: wale wanaohesabu nyumba zisizopiga. Msiwaruhusu. Nyumba iliyonyamaza huenda ina mgonjwa, huenda ina mjane aliye edani, huenda ndani amelala huyohuyo nesi mnayempigia makofi. Siku mtaa una msiba, wiki hiyo iacheni ipite. Na wenye punda wafunge punda wao kabla ya saa moja, mlio wa ghafla unawakimbiza.

Turudi kwa binti yenu na glavu zake. Boksi moja huwa na glavu 100, yaani jozi 50. Wodi yenye wagonjwa 20, kila mmoja akishikwa mara nne tu katika zamu moja, na glavu zikibadilishwa kila mgonjwa kama inavyopasa, ni jozi 80. Boksi lenu halifiki mwisho wa zamu. Msikate tamaa kwa hesabu hiyo, ila iwaonyeshe kazi ipi ni ya chama na ipi ni ya serikali. Chama cha kuchangishana hakiwezi kulisha wodi glavu. Bajeti ya kaunti inaweza, na huko nitafika.

Chama kinaweza vitu ambavyo bajeti haivioni. Chakula, kwa mfano, lakini si pilau. Wali uliopikwa ukikaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili huanza kuota vijidudu vya kuumiza tumbo, na sumu ya baadhi yake haiondoki hata ukipashwa moto tena. Muuguzi naye hajui atavua joho saa ngapi. Pelekeni kinachovumilia: mahamri makavu, tende, ndizi zisizomenywa, mayai ya kuchemsha yaliyo na maganda yake na yaliwe siku hiyohiyo, maji ya chupa zilizofungwa. Kila mtu afungiwe mfuko wake, ili mikono mingi isiingie sinia moja. Nauli ya boti pia: aliyepangiwa zamu na anakaa ng'ambo, mkimlipia mwenye boti mmoja kwa mwezi awe anamsubiri, mmemwondolea wasiwasi wa kila siku. Sabuni ya kipande na mtungi wenye mfereji kwenye mlango wake, anawe kabla ya kuingia kwa watoto. Vifaa vya hospitali, mkipewa na mfadhili, visipitie dirishani kwa mtu mnayemjua. Vipelekwe stoo, vihesabiwe mbele yenu, mtazame tarehe ya mwisho wa matumizi, na mpewe hati ya kupokelewa. Barakoa za kushona nyumbani ni za mtaani, wodini hazimkingi mtu.

Kuna jambo ambalo halina gharama nalo ndilo gumu. Hispania, nchi iliyopiga makofi kila usiku kwa miezi miwili, kuna wahudumu wa afya waliokuta karatasi kwenye majengo yao zikiwataka wahamie kwengine. Barcelona daktari mmoja wa kike alikuta gari lake limeandikwa kwa rangi kwamba yeye ni panya wa kuambukiza. India madaktari walitolewa kwenye nyumba za kupanga siku chache tu baada ya sahani zile kupigwa. Mikono ileile iliyopiga makofi ndiyo iliyofunga milango. Basi kabla ya Jumanne ya kwanza, wazee wa mtaa wazungumze na wenye nyumba zilizopangishwa wauguzi, nyumba kwa nyumba, wapate neno lao kwamba hakuna atakayeambiwa ahame. Wazungumze na wenye maduka. Wazungumze na kina mama ambao watoto wao hucheza na watoto wa nesi. Mtaa ukishindwa hapo, mimi ningewaomba msipige makofi kabisa, kwa sababu mtu akipigiwa makofi na watu wanaomkimbia anaumia mara mbili.

Jamaa zenu wa Malindi watahitaji kubadilisha machache. Nyumba za Barani na Majengo zina nyua na nafasi, kwa hiyo uani panatosha, paa si lazima. Hatari yao ni tuktuk: madereva hupenda kuungana kwa honi, na msafara wa honi mbele ya hospitali ni karaha kwa wagonjwa. Na kaunti ya Kilifi ilifungwa kwa kuingia na kutoka tangu tarehe 8 Aprili hadi mwanzoni mwa Juni 2020. Ikitokea tena, wauguzi waliozoea kurudi kwao wikendi watakwama mjini, na cha kwanza watakachohitaji ni chumba.

Sasa glavu na mishahara. Ufaransa wahudumu wa afya waliandamana Juni 2020, na Julai serikali ikatia saini makubaliano yaliyowaongezea wengi wao euro 183 kwa mwezi. Uingereza, Machi 2021, serikali ilipendekeza nyongeza ya asilimia 1. Hasira ya watu ikawa kubwa, na Julai ikawa asilimia 3. Hapa Kenya, tarehe 7 Desemba 2020 alifariki kwa Korona Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, akiwa amehudumia wagonjwa kwa miezi bila kulipwa mshahara. Wiki mbili baadaye madaktari waligoma, na wauguzi walikuwa wamekwisha kugoma kabla yao. Huo ndio uzito ulio nyuma ya maneno ya binti yenu.

Afya ya kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo barua yenu haiendi Nairobi. Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Barua ya Mei imechelewa. Ya Februari ina nafasi. Iandikeni kwa karani wa bunge la kaunti, ikielekezwa kwa kamati ya afya, na nakala kwa mwakilishi wenu wa wadi. Ukurasa mmoja. Tajeni upungufu ambao wauguzi wenyewe wamewaambia, kwa hesabu kama ile ya jozi 80 kwa zamu, pamoja na nahodha wa boti na wafua mashuka, na ombeni kiasi cha fedha chenye tarakimu. Msitaje jina la muuguzi yeyote, asije akaandamwa kazini. Jumanne ya mwisho, kabla ya saa moja, kila nyumba iwe imekwisha tia saini, daftari likipita mlango kwa mlango na mtu mmoja, kila mwenye nyumba kwa kalamu yake. Asubuhi yake wawili kati yenu waipeleke, wasubiri nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala hiyo iwekwe pamoja na daftari la chama.